Baba mdogo, tela la ng'ombe wa mahari na mlima Sekenke

Wakuu, amani iwe kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Ninachosimulia hapa kilinitokea mimi mwenyewe. Shahidi wangu yuko hai, ana ulimi kunizidi, na nikitia chumvi atanisuta mbele ya wajukuu. Kwa hiyo nitasema kilivyokuwa.

Aliyenichokoza ni yule kijana wa uzi wa juzi, anayeuliza kama kigari chake kilichochoka kinaweza kuvuta tela kutoka Dodoma hadi Mwanza. Nikasoma majibu yenu. "Inawezekana mkuu, jiamini tu." Mwingine, "Weka oili nzito, twende kazi." Jamani, kuna watu humu mngekuwa madaktari tungekwisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwanzoni mwa tisini. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sukari na sabuni, mara maduka yamejaa miwani ya jua, redio za kaseti na suruali za mitumba zenye mifuko hadi magotini. Singida mjini kila mwenye kibanda akajiita mfanyabiashara. Na mimi nikiwamo. Nilikuwa nanunua vitunguu vijijini, nakwenda kuwauzia wenye malori kule Shelui.

Baba mdogo Twaha ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikuwa na duka la nguo za mitumba, mtu mkarimu, hilo sikatai. Ila alipenda sifa, wakuu. Akikununulia soda, mtaa mzima utajua kabla hujaimaliza.

Ruksa ilipomkolea akanunua gari. Shirika moja la umma lilikuwa linafungwa na kuuza vitu vyake chakavu, naye akarudi nalo. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, maana wapenzi wa magari hayo humu mko wengi na mna hasira. Lilikuwa refu, lenye buti pana nyuma, rangi ya maziwa yaliyoganda, mlango mmoja unafunguka kwa nje tu. Asubuhi haliwaki bila kusukumwa. Majirani walifika mahali wakawa wanachelewa kutoka msikitini makusudi ili wamkute ameshaondoka.

Sasa tuje kwangu. Nilimpenda Hadija, binti wa Mzee Kitundu, Mnyiramba wa kijiji kilicho chini ya mlima Sekenke, kabla hujaingia Shelui. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache. Akatupa masharti: mitamba watatu na dume mmoja, wafike kwake Ijumaa kabla ya Magharibi, kaka zake mzee wote wakiwepo.

Na waingie zizini kwa miguu yao.

Hilo ndilo lilikuwa kubwa. Kwao pale wazee husimama mlangoni mwa zizi wakitazama ng'ombe wa mahari anavyotembea. Anayechechemea anarudishwa pamoja na aliyemleta. Na Ijumaa ikipita, kulikuwa na mwenye lori mmoja wa Shelui ambaye alishaleta barua yake ya posa na anangoja tu mimi niharibu.

(Mashekhe wa humu msinivamie. Mahari ya Hadija mwenyewe ilikuwa kando, alipewa mkononi. Hawa ng'ombe walikuwa wa wazee, ndivyo kwao.)

Watu wote wenye akili kule kwetu walikuwa wanaswaga ng'ombe kwa miguu, taratibu, wanalala njiani, wanafika wamenona. Nilishawapata vijana wawili wa kazi hiyo. Ng'ombe nilishawanunua mnadani Mtinko kwa jasho la vitunguu vya misimu miwili.

Baba mdogo aliposikia neno kuswaga alikasirika kama nimemtukana. Akasema sisi ni watu wa mjini, hatuwezi kwenda ukweni tunanuka mavi ya ng'ombe. Tutakwenda na gari, ng'ombe watakuja nyuma kwenye tela, na Mzee Kitundu atajua binti yake anaolewa na watu gani.

Nilimwambia gari lenyewe linashindwa kujivuta lenyewe. Akanijibu mimi ni mtoto. Na kwa sababu yeye ndiye wa kuniposea, nikaenda kuwaambia wale vijana wawili kazi hakuna tena.

Tela likaundwa gereji. Ekseli ya lori lililokufa, mbao, mabati na mapenzi ya Mungu. Breki halikuwa nazo. Fundi alipouliza kuhusu breki, baba mdogo alisema gari linazo, zitatosha vyote viwili.

Ijumaa alfajiri tukaondoka. Tulikuwa watatu: baba mdogo kavaa suti ya mtumba ya kijivu na tai, mimi, na shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, mama wa mwili na maneno. Yeye ndiye shahidi niliyewaambia.

Kusukuma gari lenye tela lenye ng'ombe wanne si kazi ya kusimulia. Mtaa mzima ulitoka. Lilipowaka likatoa moshi mweusi moja kwa moja kwenye pua za ng'ombe, nao wakarudi nyuma wote kwa pamoja, wakajibana mwisho wa tela.

Wanaojua kuvuta tela mmeshaelewa. Mzigo ukikaa nyuma, mbele ya tela inanyanyuka, na ikinyanyuka inainua makalio ya gari. Tairi zetu za nyuma zikawa zinagusa barabara kwa hisani tu. Palipo na mchanga gari linazungusha tairi na haliendi popote, na lami enzi hizo njia ile hakuna.

Tukajaribu kuwasukuma ng'ombe mbele. Moshi ukitoka, wanarudi.

Baba mdogo akamtazama shangazi. Akashuka, akafungua buti, akaanza kumbembeleza kwa sauti ya chini. Shangazi alimwacha aombe mpaka tai ikalegea. Ndipo akahamia kwenye buti, akakaa juu ya godoro la zawadi, mgongo umetuelekea, uso kwa uso na ng'ombe kupitia kioo cha nyuma. Akasema, "Nilikuja kuposa, sasa nimekuwa jiwe."

Gari likatulia. Tukaenda.

Kabla ya Iguguno rejeta ikaanza kuvuja. Baba mdogo akakumbuka kwamba bizari inaziba matundu, akachukua bizari yote ambayo shangazi alikuwa anampelekea mama mkwe, akaimwaga mle. Iliziba, siwezi kumnyima haki yake. Ila kuanzia hapo tulisafiri tunanukia pilau, na kila tulipopita watu walituangalia kwa matumaini.

Kila mwendo kidogo tunasimama, tunaongeza maji, tunasukuma. Malori yanatupita, madereva wanatoa kichwa dirishani na kutuuliza kama tumewapa ng'ombe nao zamu ya kusukuma. Baba mdogo anawapungia mkono kama mbunge. Mimi macho yangu yako kwa wale ng'ombe. Mtamba mmoja alishaanguka mara mbili na kuinuliwa na wenzake kwa kubanwa. Goti lilikuwa linatoka damu. Kwa kila shimo nilikuwa naliona zizi la Mzee Kitundu na wale kaka zake wamesimama.

Mchana tukafika Sekenke juu.

Wenye malori mnaujua ule mlima. Wakati ule ulikuwa vumbi, mawe na kona, na pembeni mabaki ya magari ya watu waliojiamini. Tukateremka kidogo tu nikasikia tela linatusukuma. Baba mdogo anakanyaga breki, breki inazama, harufu ya kuungua ikafunika hata ile ya pilau. Kwa bahati kulikuwa na lundo la kokoto za watu wa barabara, akalikwangua kwa ubavu, tukasimama.

Nikashuka. Nikamwambia baba mdogo ng'ombe wateremshwe, nitawaswaga mwenyewe hadi chini.

Akakataa. Akasema hakuja hapa kutia aibu, ukoo wetu utaingia na gari au hautaingia. Akasema breki zikipoa kidogo zitarudi.

Wakuu, mimi sijawahi kumjibu yule mzee maishani mwangu. Yeye ndiye baba. Lakini siku ile nilikwenda nyuma nikafungua ubao wa tela. Nikawateremsha mmoja mmoja.

Akashuka akanitazama. Akasema, "Basi kajiposee mwenyewe."

Akarudi garini. Shangazi naye akatoka kwenye buti, akavua viatu, akachuma kijiti, akaniambia tutangulie. Baba mdogo alisema neno la hasira ambalo mods wangelifuta.

Tukateremka kwa miguu. Ng'ombe walipoanza walikuwa wamekauka miguu, wanajikokota, na yule wa goti alikuwa anachechemea kabisa. Mimi nimekata tamaa. Shangazi hakunifariji hata kidogo, alikuwa anaimba nyimbo za harusi na kumlaani mdogo wake katikati ya beti. Lakini kona baada ya kona miguu ikaanza kukunjuka. Tukakuta majani wakala, tukakuta dimbwi wakanywa. Goti nikaliosha kwa shali la shangazi.

Tulikuwa karibu kufika chini tuliposikia honi nyuma yetu. Honi ndefu isiyokatika.

Tukawakimbiza ng'ombe pembeni. Gari likatupita na tela tupu linarukaruka nyuma yake, baba mdogo kashika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, tai imepeperukia begani. Nilidhani namuona kwa mara ya mwisho. Nililia, nasema kweli. Likaingia kona ya chini, vumbi likafunika, tukasikia kishindo.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe. Mzima, hana hata mkwaruzo. Gari lilikuwa limepiga kichwa kwenye ukuta wa udongo, tela limelala upande wa pili wa barabara.

Nikampa pole, nikamwomba tuendelee, kwao Hadija palikuwa panafuka moshi wa jikoni tunauona. Akasema yeye haendi. Posa ni yangu, nimeshakuwa mkubwa, niende. Alasiri ilikuwa imeshapita. Na mnajua wenyewe, kijana hajiposei. Ningefika pale na shangazi na ng'ombe bila mzee wa kiume wa kusema, wasingenifungulia hata mlango wa zizi.

Shangazi akamsogelea. Safari hii hakutania.

"Twaha, kaka yako alikuachia mtoto. Hakukuachia gari."

Baba mdogo akaishika tai yake, akaanza kuikung'uta vumbi.

Wakati tumesimama hivyo wakaja vijana wawili wa kijijini na jozi ya maksai wa kulimia, wamefungwa nira, mnyororo unaburuzwa. Kumbe Mzee Kitundu alisikia kishindo, akauliza ni nani, akaambiwa ni wageni wake, akatuma msaada. Wakafunga mnyororo kwenye gari bila kutuuliza. Halafu wakamwomba baba mdogo, kwa heshima zote, akae kwenye usukani anyooshe tairi.

Angefanyaje? Alipanda.

Ndivyo tulivyoingia ukweni, wakuu. Mbele ng'ombe wa mahari, nyuma yao mimi na shangazi pekupeku, na mwisho baba mdogo ndani ya gari lake, kwa suti, anavutwa na maksai mwendo wa kulima. Kijiji kizima kilikuwa nje. Watoto walishangilia mpaka sauti zikawakauka.

Wazee wakasimama mlangoni mwa zizi. Hakuna aliyecheka pale. Walikuwa wanatazama kwato tu. Mtamba wa kwanza akaingia. Wa pili. Dume. Yule wa goti akafika mlangoni akasimama. Kaka mmoja akainama, akalitazama goti, akamgusa mgongoni kwa fimbo. Mtamba akatembea, sawasawa, akaingia kwa wenzake.

Baba mdogo akashuka garini. Akapiga hatua mpaka mbele ya wazee, akawaamkia waliomzidi, akafunga kifungo cha koti. Nilijua sasa inakuja hotuba ya duka, safari na gari. Akasema tu tumekuja kuomba binti, na kwamba mimi ni mwanawe. Basi. Yale maneno mawili ya mwisho sijawahi kuyasahau.

Mzee Kitundu akasema ng'ombe amewaona na kijana amemuona, tangu alipokuwa kule juu mlimani anawateremsha kwa fimbo. Na binti ameshamtoa.

Halafu akaligeukia gari. Akalizunguka lote polepole, mikono nyuma, akainama akachungulia chini, akanusa ile harufu ya bizari. Akamuuliza baba mdogo, "Na hili nalo ni mahari?"

Baba mdogo akasema hapana, mzee.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Kitundu, na ndipo kaka zake wote wakaangua kicheko, na baba mdogo mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini na suti yake.

Funzo langu ni fupi. Nyie mnaokodi magari ya watu kwenda kujitambulisha ukweni, mnashusha vioo mkifika getini, wale wazee wanaangalia mnavyotembea mkishuka. Na wale mnaoshauri watu hapa wavute matela na magari yanayowashwa kwa kusukumwa, siku moja pandeni nyie kwenye buti mkae mmegeuza uso nyuma.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye Sekenke zenu zileteni, wapenzi wa yale magari tukaneni mnavyotaka, nitasoma yote. Hadija ameusoma uzi huu akichungulia begani kwangu. Anasema nimekosea sehemu moja tu: yule mwenye lori hakuwahi kuleta barua, Mzee Kitundu aliitunga ili niharakishe.