Chumvi ya Ng'ombe

Babu aliambiwa presha yake imepanda. Mimi niliongezea kwamba imepanda hadi karibu na kilele cha mlima Hanang, ila daktari wa zahanati hakucheka. Alitoa masharti: kidonge kila asubuhi hata kama huumwi popote, kutembea kila siku, chumvi marufuku.

"Niache kabisa?" babu akauliza.

"Kabisa, mzee wangu. Moyo wako umechoka."

Tulipotoka nje babu akaitazama kadi yake ya zamani. Bado ilikuwa imeandikwa Mkoa wa Arusha, na sisi tulishagawiwa mkoa mpya wa Manyara.

"Umeona?" akaniambia. "Haya masharti ni ya watu wa Arusha."

Mama akanipa kazi ya ulinzi. Mboga ya babu ilipikwa kwenye sufuria yake peke yake, na kila jioni mama aliuliza, "Babu yako ameonja chumvi?" Nami nilijibu, "Hajagusa, mama."

Chumvi ya jikoni, kweli hakuigusa. Lakini kwetu Gitting ng'ombe hulambishwa mabonge ya chumvi ya magadi kutoka ziwa Balangida, na sisi tuliyaweka zizini kwenye gogo lililochongwa. Kila asubuhi, kabla ya kufungulia ng'ombe, babu alivunja kipande akakiweka chini ya ulimi kama pipi. Siku niliyomfuma hata hakushtuka.

"Hii si chumvi," alisema. "Ni chakula cha ng'ombe. Wewe umewahi kuona ng'ombe mwenye presha?"

"Babu, utaota mkia."

"Ukiota nitakuchapa nao. Nyamaza."

Nilinyamaza nyumbani tu. Shuleni nilimwigiza: nilipiga magoti juu ya dawati, nikalamba ubao wa dawati, nikatoa mlio wa dume la ng'ombe. Darasa zima hoi. Nilipata umaarufu kwa ugonjwa wa babu yangu.

Asubuhi moja ya baridi nilipita zizini kumwamkia kabla ya shule. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gogo, mdomo umeenda upande, mate yanamtoka.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Nikadhani leo ameamua kunishinda utani. Nikapiga magoti mbele yake, nikalia kama dume, nikangoja acheke. Nikalia tena. Aliyenijibu ni ng'ombe.

Hospitalini daktari alimuuliza mama kuhusu chumvi.

"Hajaonja tangu akatazwe," mama akasema, akaniwekea mkono begani. "Huyu ndiye mlinzi wake."

Babu alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Hakuweza kunichongea, wala kunitetea.

"Alikuwa analamba ya ng'ombe," nikasema. "Kila siku. Nilijua."

Mama hakunipiga. Aliondoa tu mkono wake.

Siku hizi naamka mapema, nampa babu kidonge, namshika kiunoni, tunatembea hadi kwenye uzio wa zizi na kurudi. Mguu wake wa kushoto unachora mstari kwenye vumbi. Tukifika uzioni anainua mkono ulio mzima na kulionyesha gogo. Natikisa kichwa. Anaendelea kulionyesha mpaka mkono unachoka, ndipo tunageuka. Sufuria imebaki moja, wote tunakula bila chumvi, na hakuna anayetania kuhusu hilo, hata mimi.

Jioni mama bado anauliza kama babu ameonja chumvi. Anamuuliza mdogo wangu.