Kifuniko Kimoja, Vitumbua Ishirini

Kuku wa jirani yangu pale Kibiti walinenepa kwa jasho langu. Kila alfajiri nilichoma vitumbua vya kujaza mabeseni mawili, nikavigawa kwenye vibanda vitatu vya chai, na mchana nusu yake vikarudi vimekauka. Nikawamwagia kuku. Magunia mawili ya mchele wa mama yangu yaliishia hivyo.

La tatu mama alilileta mwenyewe kutoka Mbuchi. Akalitua mlangoni, akanitazama. "Hili ndilo la mwisho, mwanangu. Likiisha na huna cha kununulia jingine, funga virago turudi tukalime." Jembe silichukii. Lakini nirudi nyumbani nimeshindwa na vitumbua, mie? Aibu hiyo nisingeiweza.

Hasira zikanikumbusha Dar, nilikokuwa nashona mifuko ya suruali kiwandani. Pale hushoni mpaka meza inayofuata ikurudishie kikasha kitupu. Kikasha hakijaja? Kaa, kunja mikono. Msimamizi alituambia anayehitaji ndiye anayevuta kazi, wewe usimsukumie. Nilimwona mvivu yule baba. Sasa nikamwelewa.

Nikanunua mabakuli sita yenye vifuniko, mawili kwa kila kibanda, vitumbua ishirini kila bakuli. Nikawaambia wenye vibanda: bakuli moja likiisha, lirudisheni tupu, nyie mkiuza la pili, mie nachoma vingine. Halijarudi, sichomi. Wakaitikia, "Haya, shoga."

Siku ya kwanza nikayagawa yote sita yamejaa, kisha nikakaa na rojo langu la mchele, chuma cha kuchomea kiko motoni. Kimya. Saa mbili wapita njia wakaniletea mabakuli mawili. Nayapokea: mazito! Nikajua yamerudi na vitumbua vyake, hata ishirini vimewashinda. Nikayasukumia pembeni bila kuyafunua. La kibanda cha tatu halikurudi kabisa. Nikazima jiko. Rojo likachacha, nikalimwaga huku nalia.

Saa nne mwenye kibanda cha kona akanijia juu, khanga kaifunga kiunoni. "We vipi? Watu wanakunywa chai bila kitafunwa, wanatutukana wote wawili!"

"Si mmenirudishia vitumbua vyangu!"

"Vitumbua gani? Hebu fungua!"

Nikafungua. Mihogo ya kuchemsha. La pili, dagaa wa kukaanga.

"Bakuli la mwenzangu nikurudishie tupu?" akasema. "Mama yangu hakunilea hivyo." Yule wa kibanda cha tatu, kumbe, lake kalificha chini ya meza anaona haya, hajapata cha kutia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata mie, jirani akiniletea futari, sahani yake hairudi nyeupe. Kiwandani hakuna aliyemwonea haya mtu kwa kikasha. Hapa nilikuwa nawaomba watu wazima wanikosee adabu kila asubuhi. Nikatazama kifuniko mkononi mwangu.

"Na kifuniko je?"

"Kifuniko kina nini? Utatia nini kwenye kifuniko?"

"Basi bakuli likiisha nitumie kifuniko peke yake. Bakuli uje nalo jioni, na mihogo yako."

Wenzake wawili nao nikawaambia vivyo hivyo. Weee! Kesho yake kifuniko cha kwanza kilifika jua halijachomoza vizuri. Nikachoma ishirini, vikaenda kwenye beseni na kifuniko chake, vinatoa moshi. Kikaja cha pili. Kikaja cha tatu, halafu kile cha kwanza tena. Watu wakagombania vitumbua vya moto, na siku kifuniko kisipokuja nilijilalia zangu bila wasiwasi. Kuku wakabaki wananikodolea macho.

Gunia lilipoisha nikapanda boti kwenda Mbuchi, nimelikunja kwapani. Mama alikuwa uani anapepeta. Nikampa. Akalikung'uta, haikudondoka hata punje. Uso ukamkunjamana.

"Unanirudishia gunia tupu, weye? Hata sukari?"

"Tupu, mama. Lijaze. Leo nanunua."

Nikafungua pindo la khanga, nikamwekea pesa yake mkononi. Akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia uani. Akalijaza gunia, akalishindilia kwa goti, akaniongezea vibaba viwili juu.