Unga wa Mfupa na Damu ya Mwenyekiti

Enzi za kujitegemea, hata mfupa ulitakiwa ujitegemee. Wataalamu wetu walikuwa wametengeneza unga wa mfupa wa bandia, unaukoroga kama plasta, unaziba nao pengo la mfupa uliovunjika. Ikaamuliwa wa kwanza kutiwa awe kaka yangu, fundi mwashi wa Kanyenye, aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunjika muundi vibaya. Siku ikapangwa: siku ya mgeni kutoka Dar, pamoja na ngoma na picha.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara hospitalini. Nikasema ng'o, kwanza unga upimwe kwenye seli.

"Seli ni nini?" akauliza mwenyekiti wa kamati iliyopanga siku hiyo.

Nikamweleza: ni chembe hai za mwili. Tunazikuza kutoka kwenye damu, chupa moja tunaitilia unga, nyingine hatuitilii, kisha tunatazama kwa darubini kama zile nyuzi zinazobeba urithi zimekatika. Zikikatika, unga huo unaweza kumletea mtu saratani.

Mwenyekiti akakunja mkono wa shati mbele ya watu. "Kiongozi ni mfano. Toa yangu!"

Makofi, bwana! Tangu hapo kila asubuhi ananipitia: "Seli zangu hazijambo?"

Seli zinataka joto la mwili, na umeme wetu ulikuwa unakatika ukijisikia. Sanduku la joto likapoa. Nikazifunga chupa tumboni kwa khanga, nikatembea nazo, nikalala nazo chali kama maiti. Mji mzima ukaona tumbo, na mimi sina mume. Mama mmoja sokoni akaniuliza ni ya nani hiyo. Kwa hasira nikamjibu kweli tupu: "Ya mwenyekiti." Loh, mdomo huu!

Majibu yalipotoka, nyuzi za seli zenye unga zilikuwa vipande vipande. Zisizo na unga, nzima. Mwenyekiti akakohoa.

"Hili tutalizungumza mgeni akishaondoka."

"Na kaka yangu?"

"Mguu ni mkubwa, binti. Seli ni vitu vidogo."

Nilitamani kumpiga na darubini. Tukiwa tunabishana, mkewe akaingia, khanga kaifunga kiunoni, nusu ya soko nyuma yake. "Liko wapi hilo tumbo?"

Nikamwonyesha chupa, nikampisha kwenye darubini. Akatazama sana.

"Hizi ni za mume wangu?"

"Shikamoo mama. Zote."

"Marahaba. Na hizi zilizokatika?"

"Zilitiwa unga."

Akamgeukia mumewe. "Wewe umetiwa huo unga chupani tu, umekuwa hivi. Mtoto wa watu unataka kumtia mguuni?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akatangaza papo hapo kwamba kamati imeahirisha jambo hilo kwa kauli moja. Kauli yenyewe ilikuwa ya mkewe.

Mgeni alikuja, akachezewa ngoma, akaondoka. Mfupa wa kaka ukajiunga wenyewe polepole, ukabaki mfupi. Anachechemea mpaka leo, na hajanishukuru hata siku moja. Anasema ningewaacha wamtie ule unga angetembea sawasawa. Akija kula kwangu ananilaumu tangu kizingitini mpaka mkekani, nami nampakulia wali. Namwomba Mungu kaka aendelee kunilaumu hivyo hivyo mpaka nitangulie mimi kaburini.