Maswali Yote kwa Mama

Nimekasirika tangu tutoke kliniki Garsen, na kwa kuwa mdomo wangu huwa mzito mbele za watu, naandika.

Nesi alinichoma kidole, akatazama kile kimashine, akamwita daktari. Daktari akasema sukari yangu iko juu. Bado haijawa ugonjwa, lakini nikiendelea hivi nitaufikia. Halafu akaniacha mimi, akamgeukia Mama. Ulikula nini ulipokuwa na mimba yake? Ulimnyonyesha muda gani? Nani anatia sukari kwenye chai? Mama alijibu ameinamisha kichwa, ncha ya mtandio ameizungusha kidoleni. Baba alikuwa amekaa benchi lile lile, fimbo katikati ya magoti. Hakuulizwa hata hali yake.

Nyumbani ikawa mbaya zaidi. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuwa amekuja kutoka Madogo kutusubiri. Alipopata habari alimtazama Mama toka juu mpaka chini.

"Wifi, kwetu hakuna sukari. Babu yetu alizeeka na maziwa yake, mwembamba kama mwiba. Hii umekuja nayo wewe."

"Kwetu pia hakuna," Mama akasema.

"Basi ni mkono wako. Wa kwanza umeshamharibu. Huyu mdogo kesho naondoka naye, nimlee mimi."

Mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwa Mama. Mama akamvuta karibu. Baba anakoroga chai tu.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mwalimu wetu wa bayolojia alituambia kuwa siku hizi wanasayansi wanamtazama na baba. Njaa aliyopitia, sigara alizovuta, huenda vikaacha alama kwenye mbegu yake, na mwili wa mtoto ukashindwa kutumia sukari vizuri. Alisema huenda, maana mengi yameonekana kwa panya, na kwa binadamu bado wanachunguza. Wavulana wa nyuma walicheka. Mimi nilimfikiria Baba. Alikulia kwenye ukame uliomaliza ng'ombe wao wote. Walichemsha ngozi wakala. Wageni wakija huwa anaisimulia kama ushujaa, lakini kliniki hakuitaja.

Tena juzi tu mnadani aliletewa fahali mweupe, pembe zimekaa vizuri, kila mtu anamsifu. Baba akamzunguka, akauliza huyo fahali alikuwa wapi ukame huu uliopita. Mwenye fahali akakiri alikuwa ndama bado, ng'ombe aliyemzaa akakauka maziwa, naye akabaki na njaa. Baba akamkataa. "Amejaza nje tu huyu. Ndama wake watanisumbua." Wazee wote wakaitikia, hakuna aliyecheka.

Nikasema nikitazama mkeka.

"Baba, yule fahali ulimuulizia njaa yake. Mbona kwangu ameulizwa Mama peke yake?"

Shangazi akapiga makofi. "Sikieni. Shule imemfundisha kumlinganisha baba yake na ng'ombe."

"Ng'ombe anaulizwa vizuri kuliko sisi," nikasema, na machozi yakaanza.

Nilijua Baba atanifukuza pale. Aliweka kikombe chini.

"Dada, ile ngozi tulichemsha mimi na wewe. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi usimwambie mke wangu ameleta yeye. Na mtoto haendi Madogo."

"Njaa ilikuwa mipango ya Mungu," Shangazi akasema. "Si aibu ya mtu."

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nazidi kukasirika. Kama kwa Baba si aibu, kwa nini Mama avishwe aibu mbele ya daktari na mbele yetu? Simlaumu Baba. Hakuichagua ile njaa. Pengine hata haihusiki, pengine ni chai yangu tu na kukaa kitako. Lakini aliyajua yote hayo na akamwacha Mama ajibu peke yake, mpaka nilipomtajia fahali. Sasa anasema siku ya kurudi kliniki ataingia na yeye apimwe. Sawa, aingie.

Shangazi ameondoka asubuhi hii bila mtoto. Aliniaga mimi, akamuaga Baba. Kwa Mama hakusema neno, na Mama ndiye aliyemjazia kibuyu cha maziwa ya safari.