Hodi kwa Ndege wa Kisiwani

Ulikuwa mwaka ule vitunguu vya India vilipoadimika, Deira nzima, huku Dubai, ikala mchuzi mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Mkwe wangu, mpokea wageni katika hoteli moja ya Al Mankhool, akapewa na mkubwa wake nafasi zetu sote katika meli ndogo ya watalii. Ilitoka Dubai kwenda kaskazini, kwenye milima ya mawe iliyosimama baharini, kutazama ndege na pomboo. Kutazama tu. Mie nimekulia Unguja. Kiumbe wa baharini asiyeingia chunguni, sikujua anatazamwa nini.

Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu wangu. Miaka minane, na anasoma vitabu vinene kuliko mkono wangu. Tangu tuko nyumbani Rashidiya alinishika: "Bibi, pomboo wa kwanza tumwone pamoja. Usinitangulie!" Nikamwapia.

Siku ya kwanza tulikaa kama watu wa msibani. Kiongozi wa safari, bwana mmoja wa kofia pana, kidole hakikumtoka mdomoni. Watu wazima, darubini machoni, wanamnong'onea mnandi! Ndege mweusi yule, kwetu anakunya juu ya mashua na hakuna anayegeuka.

Tukakaribia kisiwa kilichojaa ndege. Kwetu hufiki penye wenyewe ukanyamaza kama mwizi, pawe nyumba, pawe pango. Nikapiga kwa sauti yangu yote: "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!"

Kisiwa kizima kikaruka. Haukubaki hata unyoya.

"Madam, khalas, basi!" kiongozi akalia, kofia mkononi.

"Mama, umetuaibisha," binti yangu akanifokea, meno ameyauma.

"Aibu ni kwenda kwa watu bila hodi. Nyie mmekuja kuchungulia."

Kwenye chai ya jioni binti akanijia na sauti ya asali, ile anayoniletea dawa chungu. "Mama, kesho tunapita penye pomboo. Ubaki chini chumbani, upumzishe mgongo."

Mgongo wangu! Ulimlalamikia lini? Nikamjibu: "Sibaki chini. Nimekuja kuona na mjukuu wangu, na nitaona naye."

Asubuhi nikakaa ukingoni, mtoto ubavuni, pembe ya kanga nimeiuma maneno yasitoke. Baridi inakata masikio, miguu imekufa ganzi, bahari tupu. Nikamlaani pomboo na ukoo wake, kimoyomoyo.

Mara maji yakapasuka mbele yetu, mgongo ukang'aa. Mjukuu wangu akaruka: "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!"

Pomboo akazama.

Meli nzima ikanigeukia mie, si mtoto. Na kusema kweli, alipiga hodi vizuri kuliko mama yake.

"Mama, shuka naye chini," binti yangu akasema. "Mbaki huko huko mpaka pomboo warudi."

"Lakini wenyewe hawajaitika," mtoto akanong'ona.

Nikaitema kanga, nikashika chuma cha meli kwa mikono miwili.

"Sibaki chini. Nimekuja kuona na mjukuu wangu, na nitaona naye."