Kumtazama Baba Mkwe

Kwetu Rungwe, kwa desturi ya zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hamsemeshi, na wakikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye anayejificha migombani. Siku hizi wasichana wa mjini wanapiga hata selfie na wakwe zao. Mimi niliolewa Kisiba, kwa mzee asiyetaka mchezo.

Na kazi yangu, cha ajabu, ni kurekodi video. Nakusanya hadithi na nyimbo za wazee wa Kinyakyusa kwa ajili ya hifadhi ya mtandaoni. Nilizunguka mpaka Masukulu, na kote nikajibiwa lile lile: simulizi la ziwa la Kisiba, pamoja na nyimbo zake zote, amebaki nalo mtu mmoja tu. Baba mkwe wangu!

Mume wangu akamwomba kwa niaba yangu, mzee akakubali. Nilisimamisha kamera sebuleni, nikaweka kigoda mahali pake, nikakimbilia jikoni kabla hajaingia. Mume wangu akambandikia maiki ndogo kolani. Mimi huku nikavaa hedifoni.

Miaka yote nilikuwa naisikia sauti ile ikikohoa nyuma ya ukuta. Sasa ilikuwa ndani ya masikio yangu, inaimba. Nililia, na si kwa moshi wa kuni.

Alipomaliza akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mkamwana, najua unanisikia. Ndaga, asante. Lakini hiyo picha, nani ataitazama?"

Kumjibu siruhusiwi.

"Ni yeye, baba," mume wangu akasema. "Ndiye anayezikata na kuzipanga."

"Basi aiweke. Nikishakufa, aitazame. Nikiwa hai, hapana. Wala asimpe mwingine kazi hiyo. Nimempa yeye, mke wa mwanangu."

Ndiyo hivyo. Nimekaa chumbani kwangu Msasani, ile ya huku huku Rungwe, faili limo kwenye kompyuta, silifungui. Wenye hifadhi wananipigia simu: iko wapi ile ya ziwa? Niliwaomba wapokee sauti peke yake, wakasema mradi ni wa filamu. Mume wangu naye ananiambia niifungue kimyakimya, mzee atajuaje? Ananiudhi, maana ni kweli mzee hatajua. Mimi nitajua, na Jumapili nitakuwa jikoni kwake nampikia.

Juzi juzi alilazwa, kifua kimembana. Simu ilipoita, kabla sijauliza yuko hospitali gani, nilifikiria lile faili. Nilijichukia.

Amepona, amerudi nyumbani. Nampenda mzee yule nisiyemjua uso. Namwombea maisha marefu kwa moyo wangu wote, na nikishasema amina najikuta nimekaa pale pale, nangoja afe.