Ndoo ya Bibi Robhi

Siku ile bado naiona, mwanangu: nimekaa juu ya magunia nyuma ya lori la mahindi pale Itiryo, nimekumbatia ndoo ya bati, na watu wa kwetu wamesimama kando ya barabara wakinitabiria.

"Huyu hafiki likizo ya kwanza," alisema mmoja. "Kabla ya Pasaka atakuwa Nyamongo kwenye mashimo ya dhahabu na kaka yake."

"Nyamongo nako watamrudisha," mwingine akajibu. "Mikono yenyewe hiyo!"

Wakacheka mpaka lori likaondoka. Leo hao hao wananiita Mzee Stashahada, na wakipata barua ya Kiingereza wanajua mlango wa kubisha. Siwasemi vibaya. Nataka tu wajue kwamba nilisikia.

Sasa wewe mwaka huu unaenda shule ya kanisa, kidato cha kwanza. Wazee wetu waliendelea kuziita shule hizo shule za kati hata baada ya serikali kubadilisha majina. Juzi ukaniuliza, "Babu, kule wanafundisha nini?" Nilikohoa nikajifanya natafuta miwani. Ukweli ni kwamba swali hilo limenisumbua tangu nikiwa na umri wako. Kaa nikueleze nilivyochanganyikiwa, huenda wewe ukaelewa mapema kuliko mimi.

Kila nilichobeba siku ile kilikuwa cha mtu. Karo ilitoka kwa baba yangu mdogo, Wambura. Alikuwa na mtamba aliyemtenga kwa ajili ya mahari yake mwenyewe. Akampeleka mnadani, na msichana aliyekuwa akimchumbia akaambiwa asubiri. Mashati na kaptula alinishonea Mzee Saidi, fundi cherehani wa Tarime mjini, Mwislamu wa swala tano. Alimshonea kijana wa shule ya kanisa bila kuuliza chochote zaidi ya kipimo cha kiuno. "Utanirudishia ukiwa mtu," alisema. Na ndoo ilikuwa ya Bibi Robhi, jirani yetu mjane. Shule ilitaka kila mwanafunzi aje na ndoo, na sisi hatukuwa nayo. Yeye alikuwa nayo moja tu. Alinipa, akarudi kwenye mtungi wake wa udongo, na ndani ya ndoo akaweka karanga za kukaanga, maana kwetu chombo hakitolewi kitupu wala hakirudishwi kitupu.

Shule ilikuwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Tulikuwa Wakurya, Waikoma, Wanata, Wajaluo, na watoto wa manesi na walimu waliotoka mikoa ya mbali. Masomo niliyapenda. Hesabu niliongoza, na uliza yeyote aliyesoma nami kama atathubutu kukataa. Kiingereza nilikishika haraka. Biblia tulisoma, tuliimba kwa sauti nne, tulilima bustani ya kabichi. Hayo yote ningeweza kumweleza mtu yeyote nyumbani naye akaelewa.

Lakini kwenye ratiba, Jumamosi, palikuwa na somo linaloitwa Huduma. Halikuwa na daftari wala mtihani. Jumamosi ya kwanza mwalimu mkuu, mchungaji mwembamba kutoka Bukoba, alitupanga mstari akasema, "Chukueni ndoo." Tukadhani tunaenda kumwagilia kabichi. Akatupeleka kisimani, kisha akatugawa katika nyumba za wazee wasiojiweza walioishi karibu na shule. Mimi nilipewa bikizee mmoja asiyeona, aliyeishi mlimani juu ya kisima.

Mwanangu, uelewe nilivyokuwa. Hiyo ilikuwa Januari, na Desemba iliyotangulia ndiyo nilitahiriwa. Nilikuwa nimeimbiwa, nimechezewa ngoma, nimepakwa unga usoni, nimeambiwa na ukoo mzima kuwa utoto umekwisha. Nilikuwa omomura, kijana wa kiume kamili. Na omomura hawekwi ndoo ya maji kichwani. Hiyo ni kazi ya mama, dada, na wavulana ambao bado hawajakatwa. Sikuambiwa hivyo kwa mzaha. Niliambiwa na wazee, nikiwa natokwa damu.

Nikamfuata mwalimu mkuu. "Mwalimu, mimi ni mwanaume."

"Hata mimi," akasema, akainama, akajitwika ndoo yake, akapanda mlima.

Nilibaki nimesimama. Ningejibiwa kwa fimbo ningeelewa. Ningejibiwa kwa mstari wa Biblia ningeukariri. Wasichana waliokuwa kisimani walikuwa wananitazama, mmoja akamnong'oneza mwenzake wakacheka. Nikaiweka ndoo chini, tupu, nikaondoka. Sikurudi bwenini. Nilishika njia, nikavuka mto, nikaenda Nyamongo kwa kaka yangu Marwa.

Nyamongo ya miaka ile sijui nikusimulie vipi. Watu walimiminika kutoka kila upande: waliotoka Shinyanga, waliotoka Kenya kupitia Sirari, wenye nyundo, wenye maandazi, wenye dawa za kuonyesha mahali mwamba ulipo. Palikuwa na vumbi na kelele za kuponda mawe kutwa nzima. Kila kijana alizungumza kama mtu atakayekuwa tajiri keshokutwa, na wengine kweli walikuwa. Marwa alinikumbatia akaniinua juu.

"Umefanya vizuri kutoroka!" akawaambia wenzake. "Sikieni, shule ya huyu wanafundishwa kuchota maji!" Wakacheka, nami nikacheka kwa furaha ya kuwa miongoni mwa wanaume. Kisha Marwa akaniwekea dumu miguuni. "Haya. Bondeni kule. Tunataka kuosha mchanga."

Nilidhani anaendelea na utani. "Mimi?"

"Kwani nimempa nani?"

"Marwa, mimi ni omomura."

"Hapa nani siyo?" akasema. "Unamwona mama hapa? Dhahabu haioshwi kwa mate. Kachote!"

Nikatazama bondeni. Wanaume wazima, wengine na ndevu, walikuwa wanapanda mlima na maji, mabegani na kichwani. Karibu na kibanda, jamaa mmoja wa ukoo wetu, mtu ninayemwogopa hadi leo, alikuwa anasonga ugali. Hakuna aliyecheka. Hakuna msichana aliyenong'ona.

Nilichota. Nilikaa pale siku chache nikichota na kuponda, na kichwa kikiniuma, siyo kwa uzito wa dumu. Nilijiuliza: kama ni aibu, mbona hapa si aibu? Na kama hapa si aibu, mbona kule kisimani nilitaka kupasuka? Maji ni yale yale. Kichwa ni kile kile. Tofauti ilikuwa kwamba maji ya hapa yalikwenda kwenye mchanga, na yale ya kule yalikwenda kwa bibi asiyeona. Nilimuuliza Marwa. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa wa malaria. "Shule imeshakuharibu," akasema. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Nikaenda nyumbani, nikiwa na hakika kwamba huko angalau nitaeleweka. Baba yangu alikuwa mzee wa mila kuliko mila zenyewe. Nilimkuta zizini.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Likizo imekuja mapema."

Nikamweleza yote: Jumamosi, mstari, kisima, wasichana. Alisikiliza akiwa anamtoa kupe ndama. Nilipomaliza akasema, "Mwanaume wa ukoo huu habebi maji kichwani."

Moyo wangu ukatulia. "Ndiyo maana nilikataa, tata."

"Kesho unarudi kuyabeba."

Nilidhani sikusikia. "Lakini umesema mwanaume habebi."

"Nimesema. Habebi."

"Sasa nirudi vipi?"

"Kwa miguu, kama ulivyokuja." Akamwachia ndama. "Nilimwambia yule mchungaji, huyu ni mtoto wako, mfundishe unachofundisha. Sikumwambia afundishe nusu." Akaanza kwenda, akageuka. "Na ndoo ya Robhi iko wapi?"

Niliiacha kisimani, mwanangu. Ndoo ya pekee ya mjane nilikuwa nimeiacha chini kama ganda la ndizi. Kule ng'ambo ya ua nilimwona Bibi Robhi akiinama na mtungi wake. Akanipungia mkono, akauliza kwa sauti kama ndoo inanifaa. Nikasema inanifaa sana.

Nilirudi. Lakini nikwambie nilichopanga moyoni: nilipanga kuchukua ndoo, niirudishe Itiryo, kisha niende zangu Nyamongo. Nilifika shule Jumamosi tena, jua likiwa linapanda. Nikaenda moja kwa moja kisimani. Ndoo haikuwepo. Nikainua macho, nikamwona mwalimu mkuu anapanda njia ya mlimani, ndoo yake mkononi, na ndoo ya Bibi Robhi kichwani. Niliijua kwa bonyeo lake la ubavuni. Alikuwa anabeba fungu langu.

Nikamkimbilia, nikamfikia karibu na mlango wa yule bikizee. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa," akasema. Hakuuliza nilikuwa wapi. Akaitua ile ndoo taratibu, akaiweka mbele yangu, akaendelea na safari yake.

Nimeifikiria mara nyingi asubuhi ile. Nilikuja kuchukua ndoo niondoke. Ilikuwa hapo, hakuna aliyenishika. Tatizo ni kwamba ilikuwa imejaa. Ili niondoke nayo ilinibidi nimwage maji ya bibi kipofu mbele ya mlango wake, naye alikuwa ameshasikia hatua zangu, ameshatoa kata. Nikasema basi, nipeleke haya tu, halafu niondoke. Nikajitwika. Yakanimwagikia mgongoni. Bibi akanywa, akanitemea mate ya baraka kifuani, akaniuliza jina la ukoo. Jumamosi iliyofuata nikasema tena, haya tu. Hivyo ndivyo nilivyomaliza shule, mwanangu, kwa haya tu, haya tu. Sijawahi kukata shauri la kubaki.

Baada ya hapo mambo yangu unayajua, maana huwa nayasimulia. Nilifaulu, nikaenda mbele, nikafanya kazi za ghala Mwanza huku nasoma jioni, nikapata stashahada ya ugavi, ya kwanza katika kijiji chetu, ile iliyopo ukutani kwenye fremu. Sikubebwa na mjomba waziri. Nyumba hii ya matofali ya kuchoma nilijenga mwenyewe. Na usidhani nakusimulia ili uone Marwa aliharibikiwa. Marwa alipata, akapoteza, akapata tena. Leo ana duka Nyarero na ng'ombe wake ni wengi kuliko wangu. Hilo nalo lilinichanganya, maana nilitegemea hadithi iishe vingine.

Niliporudi na ile stashahada, niliwalipa wote siku moja. Nilianzia Tarime kwa Mzee Saidi. Nilimpelekea kitambaa kizuri cha kanzu. Akakipapasa, akanipima kiuno kwa macho, akasema, "Umekuwa mtu. Umekuwa mnene pia." Nikafika Itiryo na mtamba mwenye mimba kwa baba mdogo Wambura. Yule msichana alimsubiri, na ndiye aliyenipokea kamba, akacheka akasema mahari yake imefika, na ndama juu wa fidia ya kucheleweshwa.

Mwisho nikaenda kwa Bibi Robhi. Watu walikuwa wamejaa uani, wale wale wa barabarani wakiwa na mvi. Nilivaa suti. Ndoo yake ya zamani ilishatoboka, nikanunua mpya inayong'aa, na sikuileta tupu: niliweka sukari, sabuni, kitenge, na kilo ya karanga. Nikaiweka mbele yake nikatoa hotuba kidogo. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda. Akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga kwenye mkeka, akashukuru kila kimoja. Kisha akaiinamisha ndoo akaitazama ndani.

"Na maji?" akauliza.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mtungi wake ulikuwa pembeni, umekauka, na mto uko mbali kwa mgongo ule.

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia inayoteremka mtoni, fimbo magotini. Nikavua koti. Nikachukua ndoo, nikajipenyeza pembeni yake nikateremka, nikachota, nikajitwika, nikapanda nayo mbele ya rika langu lote, mimi wa kwanza mwenye stashahada, maji yakinichuruzika kwenye tai. Mtu mmoja akaguna. Nilipomfikia baba, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwanaume wa ukoo huu habebi maji kichwani."

Kisha akasogeza kigoda chake, nipite.

Basi, mwanangu, hayo ndiyo wanayofundisha. Hesabu watakufundisha, ishike. Kiingereza kishike. Lakini wakikupa ndoo usianze kuuliza kama wewe ni mwanaume. Uliza ni nani anayesubiri maji. Ukitaka kuondoka, ondoka baada ya kumfikishia. Na alichokuazima mtu ukirudishe na kitu ndani, na kitu hicho kiwe anachokihitaji yeye, siyo unachojivunia wewe. Mimi bado sielewi yote. Sijui baba alikuwa upande gani, na alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Nenda. Mungu wa yule bibi kipofu akutangulie njiani. Ndoo yako isitoboke, shingo yako isichoke, na siku utakayorudi hapa kwetu, wazee wakusogezee vigoda upite.